Ubeti wa Mjusi

Kinyozi hakuwahi kushika wembe. Jina hilo alipewa kwa jinsi alivyowanyoa wakubwa bila maji, yeye na gitaa lake lenye ufa, na sifa zikamvimbisha kichwa. Mambo ya kuimba aliletewa na shemeji yake, mume wa dada yake, dereva wa Mheshimiwa. Shemeji alisimulia, wakacheka mpaka mbavu zikauma, kisha Kinyozi akabadilisha hili na lile ili msemaji asijulikane. Ndivyo walivyofanya kazi miaka yote.

Safari hii hakubadilisha kitu. Mheshimiwa, aliyeutetemesha mji mzima, alipomwona mjusi ofisini alipanda mwenyewe juu ya meza akilia, mpaka dereva akamtoa yule mdudu. Ofisini humo walikuwa wawili tu, yeye na dereva. Lakini utamu ulimzidi Kinyozi, akauimba mkasa vilevile ulivyokuwa, na meza yake na machozi yake. Mji ukaushika ubeti. Wiki haikuisha, shemeji akawekwa ndani.

Dada mtu akaja mbio.

"Kaka, Mheshimiwa ametuma neno. Kesho ukiimba uwanjani ubeti ule usisikike, basi, mume wangu anarudi nyumbani. Nakuomba kwa titi tulilonyonya."

"Dada yangu, wasiwasi wa nini? Nimeshaufuta."

Na kweli, kesho yake alipofika mahali pa ubeti ule hakufungua mdomo. Uwanja ukafungua wake. Umati mzima, wazee kwa vijana, ukaimba mjusi na meza na machozi, na Kinyozi, alaaniwe, akasikia raha ambayo hajawahi kuisikia maishani. Angeweza kulaza kiganja juu ya nyuzi, kelele zikafa. Badala yake akawapigia, tena akawaongezea mwendo ili warudie. Dada yake alikuwa amesimama mbele kabisa, macho kwenye vidole vyake.

Asubuhi dada alipeleka chakula mahabusu kama kawaida. Askari hakulifungua hata bakuli. Alimwambia asijisumbue tena, aende hospitali akachukue maiti.

Akapitia kwa kaka yake kwanza, akaliweka bakuli mezani.

"Kula," akasema. "Mwenyewe hali tena."

Akatoka bila kufunga mlango. Kinyozi alilia sana, na hakuwa akiigiza. Ila tangu jana hakuwa ametia kitu tumboni, na chakula kilikuwa bado kina moto. Akala.