Mchanga wa Nafisa

Asubuhi Gaudiosa aliwasha kuni, akabandika chai, kisha akaenda kuzoa mchanga. Aliingia bweni la wasichana na ndoo, akakung'uta shuka la Nafisa, na mchanga wa Sudani ukamwagika sakafuni, mweupe, mkavu, ingawa nje mvua za Elinino zilikuwa zimeigeuza Kilosa nzima tope. Aliupeleka barazani, alikosubiri Dakta Hezekia na kibaba cha kupimia mchele. Hezekia hakutaka lumbesa. Alifuta juu kwa kijiti, akahesabu vibaba, akasema, "Umepanda."

Mchanga huo ulikuwa upweke, na hilo halikuwa siri. Wanafunzi wale wasemao Kiarabu walikuja kusomea kilimo kwenye chuo kikuu cha mtu binafsi, kilichofunguliwa katika majengo ya shamba la mkonge lililouzwa. Wiki za kwanza vitanda vyao vilikuwa safi. Baadaye wakawa wanaamka na mchanga, kila mmoja mchanga wa kwao, ule wa Yemeni mwekundu kidogo. Hezekia, mtaalamu wa elimu ya nafsi, akaletwa aupime, maana kitu kikishajaza kibaba hakikosi mfadhili.

Gaudiosa hakuona ajabu. Baba yake alikuwa manamba, alitoka Songea kuja kukata mkonge, akafa akiitaja Songea. Yeye mwenyewe aliukata mpaka shamba lilipouzwa na watu wakapunguzwa, ndipo akawa mpishi wa chuo. Kilichomuumiza ni jinsi Nafisa asivyotulia. Binti alikwenda stesheni kusubiri treni, na reli imesombwa. Akageuza, akaenda sokoni, akaenda darajani kuutazama mto Mkondoa, akarudi. Kila alipofika aliletewa kiti. Watu walikifuta vumbi, wakamnunulia soda, kisha wakanyamaza wasije wakamchosha. Jamani, adabu nayo! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nani asiyejua? Lakini nani wa kumpa jembe mtu wa chuo kikuu, tena aliyekuja na ndege? Basi binti akawa mgeni mwaka wa pili huu.

Siku moja akasimama mlangoni mwa jiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chai bado. Kakae barazani, nitakuletea."

"Nimekaa mpaka nimechoka. Nipe kazi, mama."

Gaudiosa alimtazama, akamwonea huruma, akampa mwiko. Nafisa alisonga ugali wa dona mpaka jasho likamchuruzika, na ugali ukatoka na mabuja ya unga mbichi.

"Lo! Mume gani atakula haya?" Gaudiosa akamcheka waziwazi. "Utarudishwa kwenu kabla ya jua kuzama!"

Nafisa akanuna, kisha akacheka naye. Waliula uleule, kwa mlenda, sahani moja, wamekaa kwenye vigoda. Kesho yake alitumwa kuni, akaleta mbichi, akagombezwa. Keshokutwa akachambua mchicha, na jioni hakwenda stesheni. Mchanga ukashuka kibaba kwa kibaba, hata asubuhi moja shuka lilipokung'utwa likatoa unywele mmoja tu. Gaudiosa alifurahi mno, akapita uwanjani akiimba na ndoo tupu mkononi.

Hezekia hakufurahi. Wala Bonifas hakufurahi, mkandarasi aliyekuwa akijenga hoteli Mikumi, kando ya barabara kuu. Mwaka ule mchanga wa Mkondoa ulikuwa matope matupu, naye alikuwa akipiga plasta kwa mchanga wa bwenini, ambao chuo kilimuuzia baada ya kupimwa. Madereva wa malori waliolala katika vyumba vilivyokwisha waliamka wakiwaita mama zao kwa Kiarabu. Malalamiko yao yalikuwa juu ya mbu tu.

"Mama Kelvin," Hezekia alimwambia Gaudiosa, kwa upole, kwani hakuwa mtu mbaya, "mimi nimeletwa kupima. Mchanga ukiisha, wafadhili wanaondoka. Wakiondoka, chuo kinafungwa. Na wewe utakwenda wapi?"

Gaudiosa alifikiri. Mkonge haukuwapo tena, na umri wa kuanza upya haukuwapo pia.

Asubuhi Nafisa alipokuja alimkuta amesimama katikati ya mlango.

"Kakae barazani, mwanangu. Nitakuletea."

"Nimekosa nini, mama?"

"Hujakosa. Wewe ni mgeni wetu."

Siku hiyo alimchinjia kuku. Alimnawisha kwa maji ya uvuguvugu, akamwekea firigisi, heshima ambayo hata baba mwenye nyumba huisubiri, akarudi jikoni na kufunga mlango. Nafisa alikula peke yake, akainuka, akaenda stesheni. Kulipokucha ndoo ilijaa ikamwagika, na Bonifas akaleta pikapu.

Gaudiosa naye alikuwa na lake. Tangu Krismasi alikuwa akiamka na vumbi jeusi kitandani, linalong'aa kama ncha ya penseli. Lilikuwa vumbi la Mererani, alikokwenda mwanawe Kelvin kuchimba tanzanite na asilete hata salamu. Alikuwa akilifagia kabla watu hawajaamka. Asubuhi hiyo alilizoa, akalipeleka barazani, akalitua mbele ya Hezekia.

Hezekia alilisugua kwa vidole. "Mama, wewe unasema Kiarabu?"

"Salamu tu."

"Basi, mama. Mradi ni wa wasemao Kiarabu."

Akanawa mikono. Bonifas alichungulia ndooni, akasema lile halishiki saruji.

Gaudiosa alichukua kibaba akalipima mwenyewe, akafuta juu kwa kijiti kama alivyoona ikifanywa. Lilizidi mchanga wa Nafisa. Alilimwaga nyuma ya jiko, akabandika chai ya wageni, kisha akatoka na kitambaa kukifuta vumbi kile kiti cha barazani, maana alikwisha kusikia ndala za Nafisa zikija.