Dawa Niliyopewa Singida

Mama alikuwa amemlaza binti yangu Eliana mapajani, akimpaka mawese kama alivyofanya kila asubuhi tangu azaliwe. Alipofika katikati ya miguu, mtoto alilia kwa sauti kali na kukunja magoti. Mama hakushtuka. Alipangusa vidole kwenye kitenge chake, akaniambia nisihangaike, ni lawalawa tu, ule muwasho wa watoto wa kike. Alisema hata mimi ilinishika nikiwa wa umri uleule.

"Wewe tulikuponya kwa siku moja," alisema. "Hukuwashwa tena."

Nilikuwa nafunga viatu vya kazi. Nilibaki nimeshika kamba.

Miezi mitatu kabla, siku niliyojifungua, mkunga Benedicte alinishona kwa muda mrefu kuliko aliotumia kumtoa mtoto. Nilikuwa nimechanika na kupoteza damu nyingi. Alipomaliza alivua glavu, akakaa ukingoni mwa kitanda na kuniuliza polepole, "Elda, nani alikukata? Hii kovu iko ya zamani sana." Nilimjibu kwamba hakuna aliyenikata. Sisi ni Warundi, mila ya kukeketa si yetu. Nina diploma ya kilimo. Nikiutazama mche wa mchikichi naweza kukwambia kama mzizi wake ulijeruhiwa kitaluni. Mwili wangu mwenyewe sikuujua, kwa sababu sikuwahi kuuona ukiwa mzima. Maumivu ya tendo la ndoa niliyachukulia kuwa ya wanawake wote. Josias, mume wangu, alidhani simpendi. Miaka minne alilala ameuelekea ukuta, nami nikamwacha aamini hivyo, maana sikuwa na maelezo mengine ya kumpa.

Sasa nilimuuliza mama waliniponyaje.

Alieleza bila kuficha, kama mtu anayeelekeza namna ya kupika mboga. Tulikuwa ukimbizini Tanzania, upande wa Singida, mbali na Warundi wengine. Familia moja ilikuwa imetupa chumba na kipande cha kulima. Nilipoanza kulia kila nikikojoa, mwenye nyumba alimwambia mama kwamba ugonjwa huo unaua, na kwamba watoto wa kike wa pale hukatwa mara unapoanza. Akamleta bibi mmoja mwenye wembe. Mama ndiye aliyenishika miguu.

"Tulikuwa wageni, mwanangu. Ningekataaje dawa ya watu waliotulaza?"

"Na baba?"

"Yale ni mambo ya wanawake. Hakuambiwa."

Baba alikufa akijisifu kwamba ukimbizini hatukupoteza chochote ila nyumba.

Nilimtazama mama. Mikono iliyonishika miguu ndiyo iliyonishika siku ya kwanza ya shule, ndiyo iliyonisuka kabla ya harusi, na muda wote huo ilijua jambo ambalo mimi sikulijua. Ningeweza kumsikiliza hadi hapo na labda kumwelewa. Lakini alikuwa na la kuongeza, tena kwa kunifariji. Mama Lameki, mchuuzi wa samaki wa Magara aliyerudi nasi kutoka Tanzania, anaijua kazi ile. Walikwisha kuongea. Angekuja Alhamisi, nikiwa kazini, ili nisione damu.

Sikupiga kelele. Nilimchukua mwanangu kutoka mapajani mwake, mawese yakanichafua shati, nikatoka.

Pale kituo cha afya, Benedicte alimkagua Eliana kwa muda usiozidi dakika mbili. Ni fangasi, alisema: joto, nepi mbichi na mafuta yanayoziba ngozi. Aliniandikia pomada ya siku saba. Nilimwomba arudie jina la ugonjwa, akarudia, kisha nikamweleza habari za kovu langu. Alinishika kiwiko mpaka aliyekuwa akisubiri mlangoni akakohoa.

Nikiwa njiani nilimpigia Mama Lameki simu, nikamwambia kwamba akikanyaga kwangu Alhamisi atanikuta na polisi na chifu wa kilima, mkuu wa mtaa wetu. Alijibu kwamba yeye aliombwa tu, na kwamba wenye diploma siku hizi hatuna adabu.

Siku saba nilimbeba Eliana mgongoni hadi kitaluni ninakofanya kazi, Gatete. Mama hakumgusa, nami sikumpa nafasi ya kumgusa. Siku ya nane ngozi ya mtoto ilikuwa safi. Mama alinyoosha mkono, akaomba kuiona dawa. Ilikuwa tyubu ndogo, urefu wa kidole. Hajui Kifaransa kilichoandikwa juu yake, lakini aliigeuza, akaigeuza tena.

"Wakati ule hii ilikuwako?"

Ningeweza kusema sijui.

"Ilikuwako," nilimjibu.

Alijaribu kukirudisha kifuniko. Kilimshinda, akaiweka tyubu mezani ikiwa wazi.

Kesho yake nilikuwa nimeshafika barabarani niliposikia kandambili nyuma yangu. Mama alikuwa amebeba mfuko wa nepi na mwavuli. Hakuomba kitu, nami sikugeuka. Tulikwenda hivyo hadi Gatete.

Asubuhi hiyo kulikuwa na miche mia tatu ya kuhamisha, kazi ya kuinama, na mtoto alishaanza kuwa mzito. Nilimfungua mgongoni. Nilisimama naye kifuani kwa muda, mama akitazama chini. Mwisho wa safu ya michikichi kulikuwa na kivuli kizuri chenye upepo wa ziwani. Mama alianza kuelekea huko.

"Hapana," nilimwambia. "Kaa hapa."

Nilimwonyesha gogo lililokuwa juani, hatua nne kutoka nilipokuwa nafanyia kazi, mahali ambapo ningeweza kuiona mikono yake. Alikaa, akafungua mwavuli, akauegemeza begani, akaninyooshea mikono hiyo ili ampokee mtoto.