Mkwe na Injini ya Stauti

Mwaka ule magari ya mtumba yalipoanza kumiminika kutoka Dubai na Japani, hata mtu asiyejua kupanda baiskeli alitamba kwamba gari lake liko njiani. Chausiku hakutamba. Siku moja alitokea tu Kilakala na pikapu yake, Stauti nyeupe yenye kutu mlangoni, akaiegesha kando ya jiko, na kesho yake alfajiri akapanda nayo Matombo, kule mlimani, kufuata ndizi. Mwanamke kuendesha pikapu kwenye makorongo yale! Watu walisema wee, mpaka wakachoka. Yeye alipiga honi akapita.

Stauti ilikuwa na ubaya mmoja: ilivuja oili. Ilivujia wapi, Mungu ndiye ajuaye, maana injini nzima ilikuwa imevaa koti la oili na vumbi jekundu la mlimani. Fundi alifungua boneti, akaguna, akaifunga. "Mama, nenda kaioshe kwanza nyumbani. Hapo mimi naona shamba, injini siioni."

Basi hapo ndipo kaka yake Chausiku alipopata lake la kusema. Kaka huyo, Mwinshehe, ndiye mjomba wa Hafidha, binti pekee wa Chausiku, na kwa Waluguru mjomba si mtu wa kuchezea. Baba mtu alikuwa Kilombero kwenye miwa, na alipopelekewa habari ya posa alijibu, "Wakikubali kina mjomba, mimi nani nikatae?" Aliyeposa ni Sufiani, kijana mnunuzi wa vitunguu pale Dumila, njia ya Dodoma, ambaye zamani alikuwa utingo wa malori. Hafidha alimpenda kijana huyo kiasi kwamba akisikia lori la Dodoma likipiga honi, mchuzi unaungua. Chausiku naye alimpenda, ingawa hajapata kusema naye hata neno moja. Angesemaje? Kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani, wala hawakai mkeka mmoja. Ndivyo walivyolelewa, na Mwinshehe alikuwa mlinzi mkali wa hayo.

"Zamani mkwe alilima," alitangaza Mwinshehe, akiwa amelivaa lile koti lake ambalo halivuliwi hata kwa joto. "Alipewa jembe, akaoneshwa mteremko, sisi tukakaa kumwangalia. Akilima vizuri, kapata mke. Akilima ovyo, anarudi kwao. Hapa mjini hamna shamba, mna injini. Jumamosi aje aioshe. Ikitakata na ikawaka, Hafidha ni wake. Isipowaka, nisisikie tena jina la Dumila kwenye nyumba hii."

Mwinshehe akishasema kasema. Hafidha usiku ule hakula.

Jumamosi Sufiani alifika asubuhi mapema, na shati jeupe kifuani! Yuliana, jirani Mnyamwezi, mtani wao wa asubuhi na jioni, alichungulia juu ya michongoma akacheka mpaka akashika kiuno.

"Jamani Waluguru! Wenzenu wanaoza kwa ng'ombe, nyie mnaoza kwa grisi?"

"Nyamaza, mpagazi wewe," Mwinshehe akamrudishia. "Babu yako alipita hapa na mzigo kichwani, hakuona hata gari."

Chausiku alikuwa jikoni, jiko la nje la mabanzi, jicho lake kwenye upenyo kati ya banzi na banzi. Alisema anapika maharage. Maharage gani! Moto ulikuwa umezimika zamani.

Kijana alianza vizuri. Aliwasha injini kidogo ipate joto ili uchafu ulegee, akaizima, akafungua waya wa betri. Chausiku akatikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini woga wa ukweni ni kitu kibaya, humsahaulisha mtu hata jina lake. Mwinshehe alikohoa tu, kikohozi cha kawaida cha mzee, Sufiani akadhani anaharakishwa. Akanyanyua ndoo nzima ya maji ya mlimani, baridi kama barafu, tayari kuimwaga juu ya injini ya moto.

Chausiku akakimbilia mlangoni. Kumwita hawezi. Kunyamaza hawezi vilevile. Mbele ya mlango alikuwa anapita kuku wake mweusi, anajipekulia zake.

"Wewe kuku!" akapayuka. "Huna akili? Chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi si kitapasuka? Ngoja kipoe kwanza!"

Sufiani akaiweka ndoo chini polepole, kama mtu aliyebeba mayai.

"Chausiku," Mwinshehe akaita bila kugeuka, "unasema na nani?"

"Nasema na kuku, kaka."

"Ana chuma cha moto?"

"Ni mjinga tu, kaka. Namfundisha."

Yuliana huko michongomani alikuwa hoi. Injini ikapoa. Sufiani akachovya brashi kwenye mafuta ya taa, akaanza kusugua, na tope likawa linashuka jeusi tii. Mara jicho la Chausiku likaona jambo: distributa iko wazi! Ile kofia ndogo inayogawa moto kwa plagi, maji yakiingia mle gari haliwaki ng'o.

"Kuku wee! Mtu huoga bila kufunika kidonda? Kuna mfuko wa rambo hapo kwenye ndoo, ufunike kitu chenye nyaya nyingi!"

Sufiani aliuchukua ule mfuko wa nailoni, akaifunika distributa, akafunga kwa uzi. Mwinshehe akasimama. Uvumilivu umemwishia.

"Hafidha! Mkamate huyo kuku mtie bandani. Anamsumbua mama yako sana."

Na kuku akafungiwa. Chausiku akabaki hana wa kusema naye. Akaangalia sufuria, akaangalia kuni, akajiona bubu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Huko nje kijana anasuuza kwa kikombe, kidogo kidogo, kazi nzuri, hakuna anayeweza kukataa. Lakini katikati ya nyaya za plagi, pale pembeni kabisa, kuna uchafu kauacha. Anauona! Kaka yake akija kupitisha kidole hapo, basi tena.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Mwinshehe na Sufiani wakatawadha, wakaenda msikitini, mzee mbele, kijana nyuma hatua kadhaa. Hafidha alitumwa chumvi dukani. Chausiku akatazama kushoto, akatazama kulia, akatoka mbio.

Hee, mikono ilivyomwasha! Akakata ule uzi, akautupa mfuko pembeni. Akachomoa nyaya za plagi, moja baada ya moja, akazisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka zikang'aa. Akafuta vifuniko, akafuta mipira, akapaka mafuta ya mgando kwenye vichwa vya betri. Alikuwa na furaha ya mtu anayemwogesha mtoto wake. Ndipo akasikia kikohozi cha Mwinshehe barabarani. Akazisokomeza zile nyaya haraka haraka, akarudisha mfuko, uzi umekatika, akachana upindo wa khanga yake akaufungia, akakimbilia jikoni. Yuliana aliyaona yote. Alifungua mdomo, halafu kwa mara ya kwanza tangu ahamie Kilakala, akaufunga.

Sufiani alipofungua boneti tena, alisimama kitambo. Alikiona kile kipande cha khanga ya rangi ya machungwa, akakifungua taratibu, akakitia mfukoni. Aliutoa mfuko, akakausha injini kwa kitambaa, akarudisha waya wa betri, akaiacha injini ipigwe na jua mpaka Mwinshehe alipoamka kwenye kiti chake, akaja kupitisha kidole. Alikipitisha kila mahali. Kidole kikatoka safi.

"Hm," alisema mzee, na kwake yeye hiyo ni sifa kubwa. "Haya, Hafidha. Washa."

Hafidha aliingia nyuma ya usukani. Mama yake alishamfundisha. Akageuza ufunguo. Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikapiga *paa!* kwenye kabureta mpaka kunguru wakaruka mwembeni, ikazima. Akarudia. *Paa!* Ikazima.

Huko jikoni Chausiku aliielewa sauti ile kabla haijaisha. Nyaya! Amezipishanisha. Ya pili kaichomeka kwa ya tatu, ya tatu kwa ya pili. Akakaa juu ya gunia la mkaa.

Sufiani aliinama ndani ya boneti. Akaangalia mara moja tu, akaona. Utingo wa malori hakosi kuona jambo kama hilo. Chausiku alimwona anavyoona. Alimwona akigusa mfuko wa suruali, pale alipotia kile kipande cha khanga.

"Nini?" akauliza Mwinshehe.

"Nyaya za plagi zimepishana, mjomba."

"Nani kazichomoa?"

Hafidha alikuwa ametoa kichwa dirishani, macho yamejaa machozi.

"Nimekosea mimi, mjomba," akasema Sufiani.

Mwinshehe akavuta pumzi ndefu. Haikuwa furaha yake, msimdhulumu. Alishaanza kumpenda kijana mwenyewe. Lakini neno ni neno. "Unachomoa kitu cha watu hujui pa kukirudisha! Leo nyaya, kesho je? Nilisema ikiwaka. Haikuwaka. Nenda kwenu, kijana, salimia wazee."

Sufiani akasema, "Nimesikia, mjomba," akainama kuokota ndoo aende kuimwaga. Hakutazama hata jikoni.

Chausiku alijionea aibu. Kijana wa watu anamsitiri yeye, mtu mzima na gari lake, na kwa kumsitiri anampoteza mke! Akinyamaza, heshima ya ukwe itabaki nzima kama sahani ya kabatini, na binti yake atakaa ndani analia. Hapana. Hasha. Akajifunga khanga kiunoni, ile ile iliyochanika upindo, akatoka, akapita mbele ya kaka yake bila kuomba njia, akaenda kusimama mbele ya Sufiani uso kwa uso.

"Weka ndoo chini," alimwambia. "Nyaya nimechomoa mimi. Nilikuja mlipokuwa msikitini. Wewe huna kosa hata moja, na ulijua, na ukanyamaza."

Sufiani aliziba uso kwa mikono yote miwili, na maji ya ndoo yakamtiririka mpaka viwikoni.

"Chausiku!" Mwinshehe aliruka kama aliyekalia siafu. "Umeingiwa na nini? Unasimama hivyo mbele ya mkweo? Unamsemesha mkweo mdomo kwa mdomo, mchana kweupe?"

Chausiku akamgeukia.

"Mkwe gani, kaka?"

"Huyo!"

"Huyu si umemkataa sasa hivi? Kama si mkwe wangu, ni mpita njia tu, nitasema naye nipendavyo, nitamkaribisha na maharage. Na kama ni mkwe wangu, nimekosa, nitoze faini. Lakini ndoa ipo. Chagua moja, kaka."

Mwinshehe akamtazama Hafidha, akamtazama kijana aliyejiziba uso, akaitazama injini inayong'aa. Huko michongomani Yuliana alikuwa ameuma ncha ya khanga yake ili kicheko kisitoke.

"Wewe kijana," mzee alisema mwishowe, sauti imeshuka. "Ulijua ni yeye?"

"Nilijua, mjomba."

"Mbona hukusema?"

"Ningemsemaje, mjomba? Ni mama yake Hafidha."

Mwinshehe akajipangusa jasho kwa ukosi wa lile koti. Hafidha akashindwa kuvumilia, akafungua mlango wa gari. Ndipo mzee akamfokea dada yake kwa nguvu zake zote:

"Sasa wewe mwanamke, umesimama hapo unamkodolea macho mkweo kwa nini? Huna haya? Ingia ndani!"

Kigelegele cha Yuliana kilisikika mpaka ile shule ya wasichana ya hapo Kilakala. Chausiku alijifunika khanga uso mzima, akakimbilia jikoni anajikwaa, analia na kucheka kwa pamoja. Nyuma yake Sufiani alikuwa keshazama ndani ya boneti anazipanga nyaya, na Hafidha keshashika ufunguo. Stauti ikawaka mara moja, ikanguruma vizuri. Chausiku hakuthubutu kuchungulia upenyoni tena, alikaa juu ya gunia lake la mkaa, khanga usoni, akajisemea peke yake, "Nimepata mwana."