Sita Badala ya Tatu

Pale hospitalini walimwita Bi Taratibu, na jina lenyewe halikuwa la sifa. Ukimwambia fundi mwingine kwamba kompyuta imeganda, ataizima kwa kidole na kuiwasha. Yeye alianza kwa maswali: nani yumo ndani, nini kinaendelea, faili gani liko wazi. Mkuu wa utawala alisema kumngoja mwanamke huyu ni kungoja kuku aote meno.

Siku mafundi umeme walipokuja kubadilisha swichi kubwa ya jengo, mkuu alimfuata kwenye chumba cha seva, kichumba chembamba chenye feni mbili na vumbi lililopata joto.

"Wanakata saa nne kamili. Wewe chomoa waya, mambo yaishe."

"Nikichomoa, dawa zinazoandikwa sasa hivi zitapotea. Nipe dakika kumi."

Akazitumia zote. Aliwatoa watumiaji, akasimamisha programu ya dawa, kisha hifadhidata, akasubiri diski imalize kuandika, ndipo akaiamuru seva ishuke ngazi sifuri, yaani izimike. Taa ndogo za kijani zikafa moja baada ya nyingine. Katika miaka mitatu ya kazi yake pale, hakuwahi kuiona ikiwa imezimwa.

Umeme ulirudi saa tano na nusu. Akabonyeza kitufe. Maandishi yakateremka kwenye skrini, huduma moja ikiwaka baada ya nyingine, halafu, bila kuguswa na mtu, seva ikaanza kuzifunga zote, ikazima, ikajiwasha upya. Ikafanya hivyo mara ya pili. Mara ya tatu, Bi Taratibu aliondoa mikono mezani.

Simu ikaita. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mfamasia wa pale pale.

"Wifi, huku korido imejaa. Hiyo seva imekufa?"

"Haijafa. Inaamka, inalala tena."

"Kumbe ni ndugu yake kaka yangu."

"Andikeni kwenye karatasi, namba ya mgonjwa iwe juu. Nitakupigia."

Mkuu alikuwa amesharudi mlangoni. "Niwaite wale mafundi wa nje? Wanaweza kufika kesho."

"Kesho ni mbali. Niache kwanza."

Akavuta kiti, akaitazama ikizunguka tena tangu mwanzo. Kitu kilichoharibika, aliwaza, hukatika popote. Hii ilikatika pale pale kila mara, tena kwa adabu, ikifunga kila kitu kwa mpangilio. Basi haikuwa mbovu. Ilikuwa inatii amri.

Na amri hizo, zinazohesabiwa kwa ngazi, alizijua. Ngazi ya kwanza ni ya fundi peke yake, huduma zote zimelala. Ya tatu ni ya kazi za kila siku. Ya sita ni kujizima na kuanza upya. Mzunguko uliofuata aliuwahi: akabonyeza kitufe kabla mfumo haujapakiwa, akaongeza namba moja, ya ngazi ya kwanza, mwishoni mwa mstari wa amri ya kuwashia. Safari hii seva ilisimama, ikamngoja.

Akafungua faili linaloiambia mashine iende ngazi gani kila inapowaka. Palipotakiwa kuwa na tatu, pameandikwa sita.

Akaangalia tarehe faili lilipobadilishwa. Ilikuwa wiki yake ya pili kazini. Siku hiyo alitaka kuiwasha seva upya, na kwa ugeni wake akaiandika sita ndani ya faili badala ya kuitoa kama amri ya mara moja. Kisha akaitwa kwingine kabla hajaiwasha upya. Kosa likakaa pale miaka mitatu likingoja mtu aizime seva.

Akafuta sita, akaandika tatu, akahifadhi, akasoma upya mara mbili. Ndipo akamgeukia mkuu, aliyekuwa bado mlangoni. Mficha uchi hazai.

"Mkuu, kosa ni langu. Niliandika namba isiyo yake nilipoanza kazi."

Mkuu aliinama kuitazama skrini. "Ungesema ni umeme ningeamini."

"Najua."

Akaipandisha seva hadi ngazi ya tatu. Huduma zikawaka, hifadhidata ikaitika, programu ya dawa ikafunguka. Mkuu akashusha pumzi, lakini yeye alikuwa ameshashika simu.

"Wifi, msiingie kwenye programu bado. Naizima tena."

"Unaizima?" mkuu akauliza. "Si imeshawaka?"

"Nimeiwasha kwa mkono. Nataka niione ikiwaka yenyewe. La sivyo umeme ukikatika nikiwa likizo, mtarudi hapa hapa."

"Watu wanasubiri."

"Dakika sita."

Mkuu aliangalia saa. Akaegemea ukuta. Bi Taratibu akaifunga seva kwa utaratibu ule ule, akabonyeza kitufe, akakunja mikono asije akashawishika kugusa kitu. Maandishi yakateremka, yakapita pale pa kukatikia, yakaendelea mpaka ngazi ya tatu, yakatulia.

"Ingieni," akasema kwenye simu. "Anzeni na waliosubiri zaidi."

Kisha akafungua daftari la matengenezo, akaandika kosa lilivyokuwa, na chini yake jina lake.