Kengele Isiyonyamaza

Kazi yake ilikuwa kutabiri makosa ya watu mbele ya mashine za hospitali. "Kengele ikilia ovyo," aliwaonya mainjinia, "watu wataizima bila kutazama." Wakamcheka.

Leo mojawapo ya mashine hizo ilikuwa ikimsaidia baba yake kupumua, naye kakaa kando ya kitanda, roho mkononi. Kengele ikalia. Nesi akaizima huku akipiga soga. Ikalia tena, akaizima tena.

"Dada, mbona hutazami? Huyu ni baba yangu!"

"Hiyo inalia kutwa, mama. Ukiifuata utapata wazimu."

"Nisikilize! Mimi najua..."

Ikalia. Bila kugeuka, binti mwenyewe akanyoosha mkono, akaizima, apate kumaliza maneno yake.

Nesi hakumsikiliza tena. Alikuwa akitazama midomo ya mzee ikigeuka rangi.