Tete Chini ya Mawe Tisa

Shimo la moto la Veturia lilipasuka mara mbili, na mara ya tatu halikupasuka. Hapo ndipo hofu ilipoanza.

Kabla ya hapo hakuwa mtu wa kuogopa. Miaka thelathini alikula mkate kwa hofu za wenzake. Wanawake walimjia kutoka mjini Craiova kwa magari yanayong'aa, wamekumbatia picha za waume zao na soksi za wakwe zao, naye akawayeyushia madini ya risasi na kuyamimina majini, akapiga miayo mpaka machozi yakamtoka, kisha akawaambia ni nani aliyewatupia jicho baya. Hakuamini hata nusu ya aliyoyasema. Alichoamini ni kwamba mtu aliyetishika, ukimpa jambo la kufanya kwa mikono yake, usiku ule atalala. Nayo si kazi mbaya, alijiambia, wapo wanaofanya mabaya zaidi wamevaa tai.

Shimo lilikuwa wazo lake la mwaka ule. Usiku wa Sânziene, sikukuu ya maua ya katikati ya kiangazi, ungeangukia mwezi mpevu, wageni ishirini walikwisha kuahidi kuja na mashada yao ya maua ya manjano, na kuwawashia moto kwenye pipa kuukuu tena kungekuwa aibu tupu. Akachora mwenyewe, kwa kipande cha kaa, nyuma ya kalenda ya duka la dawa: duara la hatua tisa, mawe tisa makubwa ya mtoni, ukuta wa kufika magotini ili watu wapate pa kukaa, na mdomo mmoja ukitazama mashariki, kati ya miplamu miwili, pale mwezi unapochomoza. Tawi la mti wa jozi lililoziba upande ule akaliondoa kwa msumeno. Pembeni mwa mchoro akaandika sharti kwa herufi kubwa: pasiwe na chuma.

"Hata nondo moja?" aliuliza Iordache, fundi mwashi, akiishika kalenda mbali na macho yake.

"Hata msumari. Chuma hukata nguvu."

"Nguvu gani, Veturia wewe? Tulikaa dawati moja. Hata hesabu za kuzidisha ulikuwa unanakili kwangu."

"Wewe jenga tu, maneno muuzie mkeo."

Sharti la chuma alilitunga jikoni akimenya viazi. Lilimpendeza jinsi lilivyosikika, basi.

Lakini udongo wa uani ule ni mfinyanzi mzito, ukinywa mvua huvimba, ukipigwa jua husinyaa. Bila nondo, ukuta wa kwanza ulipata ufa siku ya nne. Wa pili ulipata siku ya tatu. Iordache aliuvunja kwa nyundo huku akiyatukana mawe, mvua, na mtakatifu wa siku hiyo. Ukuta wa tatu ulifika siku ya sita mzima kama yai, na mvua ilikuwa imenyesha mara mbili.

Veturia alipitisha vidole kwenye chokaa kavu, akatafuta ufa, hakuuona.

"Umetia chuma," alisema.

"Sijatia."

"Iordache, nakujua."

Fundi alizungusha glasi yake ya gongo ya plamu, akaitazama badala ya kumtazama yeye. "Nimefanya kama baba alivyofanya kwenye daraja la kinu."

Veturia akauondoa mkono kwenye chokaa. Daraja la kinu lingali limesimama. Hakuna asiyejua pale kijijini kwamba chini yake kuna tete lililokatwa kwa urefu wa kivuli cha mke wa msagaji, na hakuna asiyejua kwamba yule mama alizikwa kabla siku arobaini hazijatimia. Ndiyo maana mpaka leo, mtu akipita karibu na waashi asubuhi, wenzake humpigia kelele aangalie kivuli chake. Humpigia wakicheka, lakini humpigia.

"Kivuli cha nani?" aliuliza.

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Ndivyo inavyotakiwa! Huinui kichwa. Ukimwona mwenyewe, hakishiki. Nilikuwa nimepiga magoti hapahapa, gari la mkate likapiga honi ya saa tatu, kivuli kikaja kikasimama kwenye mchanga. Nikanyoosha kamba, nikafunga fundo, nikakata tete mbichi sawasawa na kamba, nikalikunja chini ya mawe. Nilidhani ni wewe."

"Ulidhani ni mimi!"

"Wewe si huamini? Ulisema mwenyewe tulipokuwa tunapika gongo, kwamba haya yote ni upuuzi. Nikaona afadhali yule ambaye hayatamdhuru."

"Siku gani hiyo?"

"Jumanne."

Jumanne Veturia alikuwa Craiova akinunua mishumaa. Nyumbani alibaki Smaranda peke yake, binti yake, mwenye mimba ya miezi saba. Ya mwaka jana ilimtoka. Safari hii daktari alimwambia apumzike, na kwa kuwa mumewe huendesha malori ya kwenda Italia na nyumbani haonekani, alirudi kupumzika kwa mama yake.

Usiku ule Veturia hakupata usingizi. Alijipa yale yale anayowapa wageni: alivuta pumzi, akahesabu kurudi nyuma, akatia chumvi chini ya mto. Hayakumsaidia hata kidogo. Huenda si Smaranda, alijisemea. Huenda ni jirani aliyekuja kuomba maziwa. Asubuhi akamwendea Iordache, akamnyang'anya ile kamba nyekundu yenye fundo, akarudi nayo mbio mbio ameificha ndani ya aproni.

Honi ya gari la mkate ilipolia, alimwita binti yake uani.

"Simama hapo, mwanangu. Karibu na mdomo."

"Nini tena, mama?"

"Nataka kuona jua linaangukia wapi. Kwa ajili ya wageni."

"Wageni wako si wanakuja kwa mwezi?" Smaranda alicheka, akasimama hata hivyo, mkono mmoja kiunoni, tumbo mbele. "Haya, nipime. Lakini usimwambie mtu nimenenepa."

Veturia alipiga magoti. Akaishikilia ncha ya kamba kwenye kisigino cha binti yake, akainyoosha juu ya mchanga polepole, akipita kwenye ndara, kwenye gauni, kwenye bega. Fundo lilitua pale pale nywele zilipofungwa. Akainyoosha tena. Lilitua pale pale.

Yeye mwenyewe alikuwa mfupi kuliko Smaranda kwa kichwa kizima.

"Mama? Mbona umepauka hivyo?"

"Jua," alisema Veturia. "Nenda ndani. Nenda ndani nimesema!"

Alimkuta Iordache akila mamaliga, ule ugali wao wa mahindi, na jibini barazani kwake. Alipomweleza, kijiko kilimponyoka.

"Mungu wangu. Smaranda? Niliyekuwa namlisha cheri kwa mkono huu?"

"Litoe."

"Tete nitalitoa, na tutalitupa mtoni liende na maji. Lakini kutoa tu hakutoshi. Baba alisema ukuta ukishaonja, lazima uuachie kitu, la sivyo unakifuata kile kivuli cha kwanza." Alishusha sauti, ingawa mkewe alikuwa mbali kwenye banda la kuku. "Kesho nitakuwa tayari na tete jipya. Mdomo wa shimo unatazama lango. Honi ikilia watu hupita, na vivuli vyao huingia. Mimi sitainua kichwa. Na wewe usiinue. Hatutajua ni nani."

Veturia akaitoa ile kamba kwenye aproni, akamrudishia. Alichukua njia ya nyumbani akiwa na nafuu kifuani, na nafuu ile ilimtisha kuliko tete lenyewe. Kumbe jambo lilikuwa jepesi hivyo. Ni mara ngapi alimwambia mwanamke kwamba mbaya wake ni jirani mwenye nywele nyeusi, kisha asiulize jirani huyo amefanywa nini? Alikuwa mzoefu wa kutoinua kichwa.

Kesho yake walipiga magoti bega kwa bega, mbele ya mdomo wa shimo. Jiwe la mwisho lilikuwa limeng'olewa, na tete la kwanza lilikwisha kwenda na mto. Jua lilikuwa nyuma ya lango. Honi ikalia. Veturia alikodolea macho mchanga na kuomba dua ambayo haikuwa na maneno.

Kivuli kikaingia chini ya lango. Kilikuwa na kikapu, na kilikuwa kinachechemea.

Hakuinua kichwa. Lakini nani asiyemjua Paraschiva kwa kuchechemea kule? Mjane wa nyumba ya tatu, anayekopa sukari na kurejesha mayai, aliyemuuguza Smaranda hospitali mwaka jana siku mbili mfululizo. Iordache alikwisha kuikunjua kamba. Kivuli kikasita kwenye mchanga, kikabadili kikapu mkono.

"Paraschiva!" Veturia alipiga ukelele mpaka kuku wakaruka. "Rudi nyuma! Angalia kivuli chako!"

Kule nje mwanamke alishtuka, kisha akaangua kicheko. "Mna wazimu nyinyi! Kumbe bado mnatishana na hayo?" Akasogea barabarani, akaenda zake na mkate wake, na hata walipoacha kumwona walimsikia bado anacheka.

"Sasa?" alisema Iordache. "Gari la mkate limekwisha pita."

Veturia alikuwa amesimama. Aliingia kati ya lango na shimo, akalipa jua mgongo, akanyoosha aproni yake kana kwamba anapigwa picha.

"Pima."

"Nimeshakuona. Hakitashika."

"Basi inamisha kichwa ujifanye hunijui. Ulijifanya hukuniona nilipokuwa nanakili hesabu zako, ukajifanya hukuniona nilipoanza uongo huu. Pima, Iordache, kabla sijabadili nia."

 Veturia aliona aibu, kwa sababu kivuli chake kilikuwa kikitetemeka pale mchangani na fundi alikuwa anakiona. Iordache alifunga fundo la pili, akakata tete, akarudisha jiwe. Aliondoka bila kugusa glasi yake.

Usiku wa Sânziene mwezi ulichomoza kati ya miplamu miwili, hasa pale alipouchora. Moto ulishika, ukuta haukupasuka. Wanawake ishirini walirusha mashada yao, na Veturia aliposema maneno yake ya miaka yote, sauti ilimkatika njiani. Walimbusu mikono. Walisema hajawahi kuwa na nguvu kama usiku ule. Wote walipoondoka alikaa juu ya jiwe la mdomo mpaka makaa yakazimika.

Baada ya hapo alihesabu siku. Aligawa kuku wawili. Alimfundisha Smaranda mahali pa kufungia bomba la maji, na binti akauliza kwani anasafiri. Wageni walipokuja akawaambia waende kwa daktari, au wakazungumze na hao majirani zao, na baadhi yao walikasirika.

Siku ya arobaini aliamka akiwa hai. Alifua shuka. Honi ya saa tatu ilipolia alitoka na kamba nyekundu, akasimama palepale, akaweka ncha kwenye kisigino na jiwe juu yake, akainyoosha mpaka kwenye fundo lake.

Kivuli kilipita fundo kwa shubiri mbili nzima. Julai ilikuwa inakwisha, jua la asubuhi sasa lilipita chini zaidi kuliko mwezi Juni, ni hilo tu, hata mtoto wa shule angemweleza. Akaitazama ile sehemu iliyozidi na hakujua kama afurahi.

"Mama, nipishe nikae," alisema Smaranda nyuma yake. Alikuwa amebeba mkate, tumbo limeshuka, uso unamng'aa kwa jasho. Aliketi juu ya jiwe, akamega ukoko, akampa. "Anapiga mateke leo, huyu. Weka mkono."

Veturia akaweka mkono. Mkate ulikuwa bado wa moto. Ilikuwa saa tatu na dakika chache tu, na siku ilikuwa bado ndefu.