Nafasi ya Radi

Mazoezi ya mwisho yalikuwa asubuhi, na onyesho lenyewe jioni ya siku hiyohiyo. Mtunzi alikaa katikati ya ukumbi mtupu, mkoba mapajani. Miaka yote alikuwa ametunga muziki wa filamu na wa michezo ya jukwaani, ule ambao watu huusikia bila kujua wameusikia. Leo okestra nzima ingepiga kazi yake bila picha wala waigizaji, na jina lake lilikuwa peke yake kwenye bango. Wapo waliosema wazi kwamba hataweza. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi, walisema, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuwaamini.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Tarumbeta ziliingia, ngoma zikajibu, naye akathubutu kuegemea kiti. Kisha ikaja sehemu ya katikati. Tarumbeta zikanyamaza, filimbi zikanyamaza, zikabaki fidla tu zikishikilia sauti ya chini, zikisogea kidogo, zikingoja, zikisogea tena. Kiongozi wa okestra akashusha fimbo yake. Alikuwa mtu mpole, na upole huo ndio uliotisha. Aligeuka akamwuliza kama hakuna kurasa zilizopotea.

"Hapa," alisema, "ni kama tunamsubiri mtu aongee."

Wapigaji wawili watatu wakacheka. Hawakuwa na nia mbaya, lakini jasho lilimtoka mtunzi mgongoni, maana alielewa papo hapo. Kwenye filamu au mchezo, mwigizaji akifungua mdomo, muziki hujikunyata ukampisha. Ndiyo adabu ya kwanza ya kazi ile, na alikuwa ameishika mpaka mkono wake ukawa unapisha wenyewe, bila kumwuliza. Sasa ulikuwa umempisha mtu asiyekuwepo. Kiongozi alishauri aongeze filimbi moja pale, kitu chepesi tu, kuziba pengo. Ukurasa ukifika kabla ya jioni, mpigaji angeweza kuusoma.

Nyumbani alimkuta kaka yake sebuleni, akigombana kimyakimya na redio. Watazamaji walimpa jina la Radi zamani, enzi za uigizaji wake, kwa sababu sauti yake ilifika kiti cha mwisho bila kipaza sauti, na hata nyumbani jina lilimganda. Ni yeye aliyemwingiza dada yake huyu mdogo kwenye kazi hii, siku alipomwambia mwongozaji wa mchezo fulani kwamba mtunzi yupo, tena ni damu yake. Tangu hapo walifanya kazi pamoja, mchezo baada ya mchezo, filamu baada ya filamu, na ugomvi wao ulikuwa mmoja. "Unanifunika," Radi alilalamika kila walipofungua pazia, hata pale ambapo fidla zilikuwa zinanong'ona. Kisha ugonjwa ukamshika kooni. Madaktari walimwokoa mtu, sauti wakashindwa kuiokoa. Siku hizi alinong'ona kwa shida, na mengi aliyamaliza kwa nyusi.

Mtunzi alipita moja kwa moja hadi kwenye piano. Filimbi ya kwanza aliyoandika ilisikika kama tangazo la sabuni. Ya pili ilikuwa kama simu ya mtu inayolia mazishini. Ya tatu hakuimaliza, maana saa haimsubiri mtu. Aliona wazi jinsi atakavyoumbuka: watu wakitazamana gizani, na wale wa methali yao wakitabasamu.

Radi alikuja na kikombe cha chai, akakiweka juu ya piano, mahali alipokatazwa mara mia kuweka vikombe. Dada mtu akamweleza yote. Kaka akanyoosha kidole kwenye piano, maana yake piga nisikie.

Alipiga kutoka mwanzo, bila filimbi. Alipofika pale penye pengo alisikia pumzi nyuma yake, ndefu, ya kutoka tumboni, ile aliyoisikia miaka mingi nyuma ya pazia. Akageuka. Radi alikuwa amesimama wima, kifua kimejaa, mdomo wazi, tayari kuingia. Halafu akakumbuka. Akafunga mdomo, akaitazama chai.

Dada mtu ilimuuma, ilimuuma mno. Mkono wake haukuwa umempisha mwigizaji yeyote tu. Ulikuwa umempisha huyu, kwa urefu wa pumzi zake na vituo vyake vya maringo. Alimpigia simu kiongozi akamwambia hakuna kitakachoongezwa. Kiongozi alimwonya kwamba watu watadhani amesahau kutunga. Alijibu kwamba anajua. Alipokata simu, hofu ilirudi maradufu.

Jioni walikaa pamoja, Radi ndani ya suti ya zamani iliyokuwa imempwaya. Ukumbi ulijaa. Muziki ulipofika pale, tarumbeta na filimbi zikanyamaza. Mtu akakohoa. Kiti kikalia. Safu ya mbele vichwa viwili viliinamiana, na mtunzi akatamani ardhi ipasuke immeze pamoja na mkoba wake.

Ndipo aliposikia pumzi ile ubavuni mwake. Radi alikuwa amelikazia macho jukwaa, na midomo yake ilikuwa inakwenda. Hapakuwa na sauti. Ni maneno ya mchezo gani, dada mtu hakujua. Fidla zilipongoja, alisema; ziliposogea, alitua. Tarumbeta zilipoamka, mdomo wake ulikuwa tayari umefungwa. Hakukosea hata mahali pamoja.

Makofi yalikuja, mengi au machache, mtunzi hakuweza kupima. Alitakiwa kusimama, lakini kaka yake alikuwa amemshika mkono wa gauni, akamvuta mpaka sikio likafika mdomoni.

"Leo hukunifunika," alinong'ona.